Baba Mdogo Hajawahi Kuumwa Tumbo

Shikamoo Mama Nesi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Busokelo, huku Rungwe. Ni dalali wa parachichi: nazunguka mashambani, nakusanya mzigo, nashusha Tukuyu. Nyumbani tulizaliwa watano na mimi ndiye kitinda mimba.

Baba yetu alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 46. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokonda mwili huku tumbo linajaa. Msibani ilisemwa kalishwa kitu kilabuni. Shangazi, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, akafariki mwaka 2013 kwa saratani ya mji wa mimba, naye hakufika hamsini. Sasa ni kaka yetu mkubwa, ana miaka 41. Alianza kuona damu chooni. Zahanati wakasema amiba, tukanunua dawa. Ikarudi, wakasema minyoo, halafu taifodi, halafu vidonda vya tumbo, mwisho bawasiri. Mwaka na miezi ukaisha hivyo. Siku moja choo kikagoma kabisa, tumbo likawa kama ngoma, tukamkimbiza hospitali moja kubwa Mbeya mjini, akapasuliwa usiku uleule. Kinyama walichokata kikapelekwa kupimwa, jibu likarudi: saratani ya utumbo mpana.

Tangu hapo yuko kwenye dripu za saratani. Mwenzake wa kitanda cha jirani, mzee mmoja wa Chunya, alianza naye wiki ileile na, kwa tulivyoambiwa, dawa zilezile. Yule mzee amerudi shambani. Kaka kila awamu anashuka, na daktari ametuambia imeshafika kwenye ini.

Kuna siku daktari aliniita ofisini, akaniuliza ndugu mmoja mmoja: nani yuko hai, nani kafariki, kwa nini, akiwa na umri gani. Huku anachora. Wanaume miraba, wanawake miduara, na kila aliyeugua saratani anamjaza wino. Alipomaliza tukaitazama ile karatasi wote wawili. Upande wa baba ulikuwa mweusi mweusi. Akaniambia inaweza kuwa saratani ya kurithi, na kwamba kuna utafiti wanaoufanya juu ya saratani za namna hiyo na jinsi zinavyoitikia dawa. Je, mimi na ndugu zangu tungekubali kutoa damu? Nikamwambia nitafikiri.

Nimefika nyumbani nikakuta ukoo umekaa. Tatizo ni baba mdogo, mdogo wake baba. Ana miaka 58, bado anajitwika mkungu wa ndizi mwenyewe, na hajawahi kuumwa tumbo. Shamba la chai la babu liko mikononi mwake. Ndugu wawili walikwenda kwa mganga upande wa Kyela, wakarudi na maneno kwamba anayewamaliza ni mtu wa damu yenu, na mtamjua kwa afya yake. Sasa hivi akipita njiani watu wanainamisha vichwa, hawamsalimii. Kuna kikao kingine kimepangwa, na wapo vijana wanaoongea vibaya. Nilipotaja habari ya damu, wakanicheka: huo ni umumiani wa kisasa, watachukua damu zetu wakauze Ulaya.

Jambo lingine ni kwamba nina mchumba. Ng'ombe wawili wameshakwenda kwao, ndoa ni Desemba.

Naomba unijibu. Je, nitoe hiyo damu? Nikikutwa nao, nimwambie mchumba au ninyamaze? Na kwa nini dawa imemkubali mzee wa Chunya ikamkataa kaka yangu?

Kitinda Mimba, Busokelo

—

Marahaba mwanangu, na pole kwa kaka.

Umeniuliza mambo matatu, lakini nitaanza na la nne ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Zamani, mambo yakifika hapo yalipofika kwenu, mtu alinyweshwa mwafi, sumu ya kiapo. Akitapika hana hatia, asipotapika ndiye. Leo hakuna mwafi, lakini kijana mwenye panga na lita mbili za pombe kichwani anaweza kutoa hukumu ileile. Kwa hiyo twende kwa baba mdogo kwanza.

Kama daktari amebahatisha vizuri, na kwa karatasi uliyonieleza sioni kama alibahatisha, ugonjwa wenu unafanana sana na ule unaoitwa ugonjwa wa Lynch. Saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 50 na saratani ya mji wa mimba katika ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi: hiyo ndiyo sura yake. Unarithiwa kwa baba au kwa mama. Mzazi mwenye nao, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, kama kurusha shilingi. Babu yenu au bibi yenu mmoja alikuwa nao. Akarushiwa baba yako, ikaangukia upande mbaya. Akarushiwa shangazi, vilevile. Akarushiwa baba mdogo, huenda ikaangukia upande mwema. Watoto watatu, wawili wanao, mmoja hana. Hata kama ungekuwa hujui lolote la familia hiyo ungetegemea kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo afya yake, ambayo mganga ameigeuza ushahidi, ndiyo hasa ambayo hesabu inaitarajia. Ajabu ingekuwa wote kuugua. Na kama kweli hana, watoto wake hawawezi kuupata kwake. Urithi huu haumruki mtoto ukaibukia kwa wajukuu. Ila tahadhari moja: kuwa na jeni yenye kosa (jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) si kuugua. Wapo wanaozeeka nayo isiwaamshe. Baba mdogo anaweza kuwa mmoja wao, na njia ya kujua ni moja tu, nayo haipatikani kwa ramli.

Shamba la chai, kama kuna dhuluma, lina baraza lake la ardhi. Lipelekwe huko, lisivishwe joho la uchawi.

Sasa tuseme huo ugonjwa ni kitu gani. Seli za mwili zinajigawa kila siku, na kila ikijigawa, seli inanakili maelekezo yote ya mwili, herufi bilioni tatu na ushee. Nakala ndefu hivyo haikosi makosa. Basi mwili umeweka wachambuzi. Chukulia kina mama wawili wamekaa na ungo mmoja wa mchele wa Kyela, wanatoa chuya na mawe. Mmoja umempata kwa baba yako, mwingine kwa mama yako. Wengi wetu tunazaliwa wote wawili wako macho. Mwenye ugonjwa wa Lynch amezaliwa mmoja wao kalala tangu tumboni mwa mama. Ubwabwa bado unaiva safi, kwa kuwa yule wa pili anachambua. Ndiyo maana mtoto anakua vizuri, anacheza mpira, anaoa. Siku huyo wa pili naye akianguka, katika seli moja tu ya utumbo, mawe yanamiminika chunguni na hakuna wa kuyatoa. Makosa yanapandana juu ya makosa, mpaka seli hiyo inasahau kwamba inatakiwa kuacha kuzaana.

Jeni za wachambuzi hao ni nne hasa: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Hakuna mwenye kosa aliyejitakia, wala aliyelishwa.

Tena Wanyakyusa si wa kwanza kuona hivi. Mwaka 1895 huko Ann Arbor, Marekani, mama mmoja fundi cherehani alimwambia Dakta Aldred Warthin kwamba yeye anajua atakufa mapema, kwa sababu kwao wote wanakufa kwa saratani ya tumbo au ya kizazi. Alikuwa mzima wakati anasema. Warthin hakumcheka, akaanza kuandika ukoo ule, mtu mmoja mmoja, na mwaka 1913 akauchapisha. Yule mama akafariki kweli, kwa saratani ya mji wa mimba, kama shangazi yako. Wenzake hawakumsikiliza Warthin sana. Miaka ya 1960 Dakta Henry Lynch akaifufua kazi hiyo, naye akabezwa kwa muda mrefu, na jeni zenyewe zikapatikana kuanzia 1993. Karibu miaka mia moja kutoka kwa fundi cherehani hadi maabara.

Hapo nina la kukiri. Nimekaa wodini zaidi ya miaka thelathini. Kwenye faili kuna mahali pa kujaza habari za magonjwa ya familia, na mara nyingi nilikuwa naandika "hakuna" kabla mgonjwa hajafungua mdomo, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na wino wa kalamu mchache. Yule daktari aliyekaa nawe akachora miraba na miduara amefanya kitu ambacho mimi sikukifanya ipasavyo. Mheshimu.

Tuje kwa mzee wa Chunya. Saratani mbili zinaweza kuwa na jina moja, utumbo mpana, zikawa zimetoka njia tofauti, na dawa haiangalii jina, inaangalia njia. Kuna dawa ya zamani inaitwa 5-FU, ndiyo mhimili wa dripu nyingi za saratani ya utumbo. Tangu mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa ambao saratani yao imekosa wachambuzi, wakipewa dawa hiyo peke yake baada ya upasuaji, hawafaidiki nayo kama wengine wanavyofaidika. Barua yako haikutaja kaka anapewa dawa gani na gani, kwa hiyo siwezi kusema hicho ndicho kilichomtokea. Ini likishaingiliwa dawa yoyote ina kazi ngumu. Lakini sababu ya kumuuliza daktari wake ipo. Na tafadhali, msije mkamtoa kwenye dripu kwa sababu mmesoma safu hii.

Upande wa pili wa habari hiyo ni mzuri kidogo. Saratani iliyokosa wachambuzi imejaa makosa kiasi kwamba askari wa mwili wanaitambua haraka kuwa ni mgeni. Kinachowazuia ni kwamba saratani imewakanyagia breki. Zikatengenezwa dawa za kuiachia ile breki. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 307 wenye saratani ya utumbo ya aina hii, iliyokwisha kusambaa kama ya kaka. Waliopewa pembrolizumab walikaa miezi 16 na nusu, kwa kipimo cha katikati, kabla ugonjwa haujasonga mbele. Waliopewa dripu za kawaida, miezi 8 na kidogo. Kisha mwaka 2022, New York, hospitali ya Memorial Sloan Kettering, Dakta Andrea Cercek na wenzake wakatangaza wagonjwa 12 wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, aina hiyohiyo, waliopewa dawa iitwayo dostarlimab kwa miezi sita. Wote 12 uvimbe haukuonekana tena, bila kisu, bila mionzi. Wale ugonjwa ulikuwa haujasambaa, usije ukamwahidi kaka.

Na bei yake, mwanangu, hata kukuandikia naona aibu. Dozi moja Marekani ni maelfu ya dola. Sikuambii uuze shamba. Nakuambia haya kwa sababu mbili: kwanza uelewe kwamba kaka hakukataliwa na dawa kwa kuwa ameandikiwa kufa, na pili kwa kuwa kipimo kinachoonyesha mgonjwa ni wa njia ipi si cha bei hiyo, na mlango wake uko wazi.

Mlango wenyewe ni huu. Ile nyama aliyokatwa kaka usiku ule haikutupwa. Maabara wanaigandisha ndani ya kijiwe cha nta, kidogo kama kipande cha sabuni ya gesti, kina namba pembeni, kinakaa miaka. Wanakata humo utando mwembamba kuliko unywele, wanaupaka dawa, wanatazama kwa hadubini. Mchambuzi aliyepo anaonekana rangi ya kahawia. Asiyekuwepo, pale panabaki bluu. Wanapima wote wanne, na hahitaji kuchomwa sindano hata moja. Mwombe daktari akuambie kama kijiwe cha kaka kimepimwa hivyo, na kama bado, kinaweza kupelekwa wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayosema kama kuna haja ya kusaka jeni kwenye damu, kwa kuwa saratani nyingine hukosa wachambuzi bila kurithi chochote.

Ndipo tunafika kwenye damu yako.

Mimi ningetoa. Lakini ningetoa kama mtu anayeuza gunia la parachichi: macho kwenye mizani. Kinachochukuliwa ni kichupa kimoja au viwili, vijiko viwili vya chai hivi. Mumiani gani huyo wa vijiko viwili. Hata hivyo nisiwadharau ndugu zako, kwani hofu yao haikutoka hewani. Damu na nyama za Waafrika zimewahi kuchukuliwa bila kuulizwa. Ndiyo maana leo kuna taratibu. Utafiti wowote wa afya nchini lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili. Ya kitaifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Mbeya kuna kamati yake pia. Omba uoneshwe cheti hicho na namba yake. Sampuli ikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuisafirisha, na NIMR waujue. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, uende nayo nyumbani ukailale usiku mmoja, na nakala ibaki kwako. Ukiambiwa usaini sasa hivi kwa kuwa gari linaondoka, acha gari liondoke.

Uliza wanaotaka damu yako: mkikuta kosa kwenye jeni yangu mtaniambia? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na watu wengi hawaliulizi. Kuna utafiti unaorudisha majibu kwa mtu, na kuna unaofunga majina kwa namba na hauwezi kumrudia mtu hata ukitaka. Wote ni halali, ila huo wa pili hautakusaidia kujua hali yako. Uliza nani ataona jina langu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za vinasaba ni za faragha kuliko hata akaunti ya benki, kwa sababu ndani yake wamo na ndugu zako. Uliza nikijitoa katikati damu yangu mtaifanyia nini. Una haki ya kujitoa, na kaka hatakosa huduma kwa hilo. Nauli wanaweza kukurudishia. Wakikudai hela, huo si utafiti.

Kuna jibu moja ujiandae nalo: "tumeona badiliko, lakini hatujui maana yake." Sisi Waafrika linatufika zaidi ya Wazungu, kwa sababu vitabu vya jeni vimeandikwa kwa damu za watu wa asili ya Ulaya kwa sehemu kubwa, wakati sisi ndio wenye aina nyingi za vinasaba kuliko watu wote duniani. Ukipewa jibu hilo si kwamba umepona wala si kwamba unaumwa. Linapungua kadiri watu kama ninyi wanavyoingia kwenye tafiti, na hapo ndipo nasema ningetoa.

Afrika Kusini wameona faida yake kwa macho. Mkoa wa Northern Cape kuna familia nyingi zenye kosa moja lilelile kwenye jeni ya MLH1, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamezifuata kwa miaka. Walio na jeni hiyo waliokubali kuchunguzwa utumbo kwa kamera mara kwa mara wameishi zaidi ya wasiochunguzwa. Jeni ni ileile, familia zilezile.

Ndiyo maana wewe mwenyewe usisubiri utafiti. Una miaka 29. Kwa watu wa koo kama yenu, kamera ya utumbo mpana inaanza kati ya miaka 20 na 25 na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo umechelewa tayari. Unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, usiku mzima unakuwa mwenyeji wa choo (hilo ndilo baya lake kubwa), asubuhi wanaingiza mpira wenye kamera. Wakikuta kinyama kidogo kinachoanza kuota, wanakikata palepale, na saratani iliyokuwa ije miaka mitano baadaye imekufa ikiwa na ukubwa wa punje ya harage. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, na ile karatasi ya miraba. Uliza kitengo cha endoskopia. Ikilazimu watakuandikia rufaa Muhimbili. Dada zako wamweleze daktari wa wanawake habari ya shangazi, na yeyote kati yao anayetoka damu nje ya siku zake au baada ya kukoma hedhi asisikilize mtu wa kumwambia ni homoni.

Watoto wa kaka walio chini ya miaka 18 waacheni. Kipimo cha jeni kwao hakibadilishi kitu leo, na wakikua watachagua wenyewe.

Utasikia pia habari za aspirini, kwamba inapunguza saratani kwa wenye jeni hizi. Ni kweli. Utafiti wa watu 861 uliotumia miligramu 600 kwa siku ulionyesha hivyo, na matokeo ya miaka kumi yakatoka 2020. Lakini hao walikuwa wamethibitishwa, na aspirini inatoboa tumbo la mtu. Usiende duka la dawa kwa kusoma hapa.

Mchumba. Wapo watakaokushauri unyamaze mpaka ng'ombe waishe. Mimi sikubaliani nao. Huyo binti alikuwepo kumuuguza kaka, au atakuwepo kumzika. Ataona mwenyewe, na atajiuliza kwa nini hukusema. Ila usimpelekee hukumu ambayo bado hujapewa. Mwambie kile unachokijua leo: kwetu kuna saratani inayorudi, inaweza kuwa ya kurithi, nafasi yangu ni nusu kwa nusu, nakwenda kupima, na kama ninayo, kila mtoto wetu nafasi yake ni nusu kwa nusu vilevile. Umwambie mkiwa wawili, msiwe na mshenga. Halafu mwombe akusindikize kwenye hiyo kamera, kwa sababu ukitoka pale umelewa dawa ya usingizi na lazima mtu akushike mkono kurudi. Akikataa kwenda, utakuwa umejifunza jambo ambalo ng'ombe wawili wasingekufundisha.

Kikao cha ukoo usikisubiri kikukute. Omba yule daktari, au muuguzi wa kituo chenu, aje aongee na wazee kwa nusu saa; wazee wetu wanaelewa urithi kuliko mtu yeyote, wanaujua kwa ng'ombe na kwa mapacha. Na kabla ya siku hiyo, asubuhi moja, beba sukari kilo moja upande mpaka kwa baba mdogo. Msalimie mbele ya watu, kwa sauti. Kaeni. Muulize baba yake na mama yake walifariki kwa nini, wakiwa na miaka mingapi, na ndugu zao je. Katika wale wakubwa wa upande wa baba yako ni yeye peke yake aliyebaki anayekumbuka, na hata daktari hawezi kuijaza ile karatasi bila yeye. Nenda na daftari.